Hiari ya Mayai Arobaini

Iko nchi moja ambayo sitaitaja, maana wenyewe hawapendi kunyooshewa kidole hata wakiwa wanasifiwa. Tuiite Hiarini. Ni nchi nzuri. Ina mto mmoja, bwawa moja juu ya mto huo, mtambo mmoja ndani ya bwawa, na waya mmoja unaotoka mtamboni kwenda kwa wananchi. Zamani waya huo ulikuwa wa Shirika, na Shirika lilitoa umeme siku nne kwa wiki bila kumuuliza mtu neno. Umeme ukija watu walipiga pasi, usipokuja walivaa nguo zenye makunyanzi. Serikali ilipoitazama dhuluma hiyo machozi yaliitoka. Ilisema haifai mtu mzima kupewa umeme kama mtoto anayelishwa uji.

Basi Shirika likavunjwa, zikazaliwa kampuni arobaini na tatu za kuuza umeme na kumi na saba za kuuza gesi ya bomba. Mto ulibaki ule ule, na mtambo, na waya, na bomba la gesi nalo lilibaki moja, kwa kuwa hivyo ni vitu vya kiufundi, havihusiani na uhuru. Palikuwa na Umeme Tulivu, Umeme wa Halali, Umeme wa Wajukuu, Umeme Mtu Kwao, na Umeme Asilia ambao tangazo lake lilisema haujaguswa na mkono wa mtu. Kampuni zote zilipanga jengo moja, chumba kimoja, na kwa ajili ya kubana matumizi zilikalia meza moja kwa zamu.

Sheria ya Hiari ilipita bungeni kwa kauli moja, wabunge wakiwa hawana hiari nyingine. Ilitamka kwamba mteja ni mfalme. Ilipiga marufuku methali mbili, ile ya mchagua jembe si mkulima na ile ya mchagua nazi hupata koroma, na wazee waliozoea kuzisema walipewa miezi sita wazisahau. Mimi hapa nimezitaja kwa ajili ya maelezo tu.

*

Katika mji mkuu wa Hiarini, Mtaa wa Pakacha, alikaa mjane mmoja jina lake Bi Siwatu. Alikuwa na sanduku la mbao aliloachiwa na marehemu mumewe, na ndani ya sanduku balbu mbili, kipimajoto, na sahani ya maji. Hiyo ndiyo mashine ya kutotolesha vifaranga ya mtaa mzima. Watu walileta mayai, kila mmoja akiyatia alama yake ya penseli. Bi Kidawa wa nyumba ya jirani alichora mistari miwili, Tambwe wa nyumba ya tatu alichora mwezi mwandamo, mwingine nukta, mwingine duara, na kadhalika. Bi Siwatu aliyageuza mara tatu kwa siku kwa vidole vilivyooshwa. Ikifika siku ya ishirini na moja, kila mtu aliletewa kifaranga pamoja na ganda lenye alama yake, kusiwe na maneno. Kwa miaka kumi na moja hayakuwahi kuwako maneno.

Mwaka huo mdondo ulipita Pakacha ukawasomba kuku wote, asibaki hata jogoo wa kuwika. Nyumba nane zikachangishana, zikamtuma Bi Kidawa kwa dada yake milimani. Alirudi baada ya siku mbili na mayai arobaini na mawili, ameyapakata mapajani safari nzima, hataki hata kumpa mtu ayashike ajikune. Mdondo nao ukapanda milimani nyuma yake ukammalizia dada mtu kuku wake. Kwa hiyo yale mayai yaliyokuwa ndani ya sanduku la Bi Siwatu ndiyo yaliyokuwa kuku wa Pakacha, na hapakuwa na pengine pa kupata wengine. Bi Siwatu alilijua hilo, na kila alipofungua mlango wa sanduku alisema bismillahi kimoyomoyo.

Siku ya kumi na nne aliyapima kwenye mwanga wa balbu, moja moja. Yote yalikuwa na uhai. Moja la Tambwe tu lilikuwa dhaifu, kivuli chake kilijongea kivivu.

*

Asubuhi ya siku ya kumi na saba Tambwe alipiga hodi. Alikuwa amevaa shati jekundu lililoandikwa Umeme Tulivu kifuani na mgongoni.

"Karibu, Tambwe," alisema Bi Siwatu. "Mayai yako yako salama, nimeyageuza sasa hivi."

"Sikujia mayai leo, Bi Siwatu. Nimekuja kikazi." Alivuta kola kama inayombana. "Kipindi cha Tafakari kimefika mtaani kwetu."

Akaeleza, kwa sauti ya mtu aliyekariri. Sheria inasema mteja hawezi kuchagua kampuni mpaka atafakari, na hawezi kutafakari kwa haki huku anatumia umeme, maana mtu anayefikiri chini ya taa inayowaka huwa ameshaipendelea taa. Kwa hiyo umeme na gesi hukatwa siku tatu. Siku ya nne wateja hukutana ukumbini, huchagua, na huunganishwa wakiwa huru.

"Siku tatu," alisema Bi Siwatu. "Hilo sanduku haliwezi kukaa bila joto hata tangu asubuhi mpaka adhuhuri."

"Najua. Matano yangu yamo humo."

"Basi niandikie sasa hivi. Kampuni yoyote. Hiyo hiyo ya shati lako."

"Ukichagua sasa, utaandikwa umechagua bila kutafakari. Uchaguzi unafutwa, na siku tatu zinaanza upya." Tambwe alitazama miguu yake. "Mzee Mbaruku wa ng'ambo amechagua mara nne kwa haraka. Yuko gizani siku ya kumi na mbili leo."

Bi Siwatu alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa. "Hizi kampuni, mwanangu, zinatofautiana nini?"

Tambwe alifikiri kwa muda mrefu, maana alikuwa mtu mkweli katika mambo yasiyohusu kazi. "Mashati," alisema.

Kisha ikabidi aanze kazi. Sheria ilimtaka kila mteja asikilize kampuni zote arobaini na tatu na kutia saini kwa kila moja, na kwa kuwa mawakala arobaini na watatu wangewachanganya wananchi, kila mtaa ulipewa wakala mmoja na mashati arobaini na matatu. Tambwe alieleza Umeme Tulivu, akashukuru, akaingia bafuni uani, akatoka na shati la kijani, akaenda mpaka mlango wa mbele, akapiga hodi.

"Mimi ni mgeni kwako," alisema.

"Karibu, mgeni," alijibu Bi Siwatu, maana kumtambua wakala ilikuwa ni kosa la upendeleo.

Ilipokuwa kampuni ya nane, taa ndani ya sanduku zilizimika. Fundi alikuwa amefika kwenye nguzo. Bi Siwatu alitazama kipimajoto, akatazama shati la Umeme Mtu Kwao, akatia saini. Kampuni ya ishirini, Tambwe aliomba maji ya kunywa. Kampuni ya thelathini na tatu alilivaa shati ndani nje, Bi Siwatu akatia saini hivyo hivyo. Alipomaliza alikuwa amepotewa na sauti, na kipimajoto kilikuwa kimeshuka nyuzi nne.

*

Gesi nayo ilikuwa imekatwa na mkono ule ule. Bi Siwatu akawasha jiko la mkaa, akalisogeza karibu na sanduku. Baada ya kitambo kidogo mayai mawili ya pembeni yaliiva. Ni yake mwenyewe yaliyoiva, yasiyo na alama, na alishukuru kwa hilo. Akalitoa jiko nje na kukaa akitazama yaliyobaki arobaini. Angetaka kulia, lakini kilio hakikuja.

Hapo ndipo akaingia Bi Kidawa bila hodi. Alipoelezwa, aliweka mikono kiunoni.

"Kuku ana nini ambacho Kidawa hana?" aliuliza.

"Manyoya," alisema Bi Siwatu.

"Nina khanga kumi na nne. Lete matano yangu hapa."

Akayapanga kifuani chini ya matiti, mawili huku, matatu huku, akajifunga kibwebwe juu yake, akaketi mkekani kwa taratibu kama mtu anayeketi mbele ya wakwe. Baada ya robo saa akasema yamepata moto kuliko sandukuni. Habari ikatembea nyumba kwa nyumba. Kabla ya adhuhuri wanawake wote wenye mayai walikuwa wamekusanyika barazani kwa Bi Siwatu, kila mmoja na yenye alama yake, wanaatamia. Tambwe naye akaja. Mkewe alikuwa safarini. Alivaa mashati yote arobaini na matatu kwa pamoja, mayai ndani yake, akawa hawezi kukunja mikono.

"Hili dhaifu nishikie wewe," alimwambia Bi Siwatu. "Huku kwangu linabanwa."

Bi Siwatu akalichukua lile yai lenye mwezi. Yake yalikuwa yamebaki matatu, na mawili alikwisha kuongezewa na jirani mwenye kifua chembamba. Lile la sita alilitia chini kabisa, ubavuni kushoto, ndani ya mkunjo wa khanga ya ndani, akajifunga.

Walikaa hivyo siku tatu. Hawakupika, walikunywa uji wa jana. Hawakuinama, hawakucheka kwa nguvu, waligeuza mayai kwa kuingiza mkono khangani saa ile ile ambayo Bi Siwatu angeyageuza sandukuni. Kila mtu alijifunza kuketi upya. Mwili wa Bi Siwatu ulianza kufa ganzi siku ya pili, kuanzia kwapani kushoto kushuka mpaka kiunoni, na siku ya tatu hata akijifinya hakuhisi. Moyo nao ulikuwa hivyo hivyo. Alimfikiria marehemu mumewe na hakuona kitu, akafikiri juu ya mdondo na hakuona kitu.

"Unajionaje, shoga?" aliuliza Bi Kidawa.

"Sijioni," alisema Bi Siwatu.

Ofisa wa Mamlaka inayosimamia Kipindi cha Tafakari alipita akiwa na daftari, akawakuta wameketi kimya, macho mbele, hawatikisiki. Akaandika kwamba hajapata kuona mtaa unaotafakari kiasi kile.

*

Siku ya nne wateja wa Pakacha waliitwa ukumbini. Walikwenda polepole, mkono mmoja kifuani, na walinzi wa mlangoni wakadhani ni heshima kwa bendera.

Waziri wa Hiari ya Nishati, Mheshimiwa Dakta Makeke, alikuwa jukwaani na kofia mbili kichwani, moja juu ya nyingine, ili kila mwananchi atazame anayoipenda. Kando yake alikaa Msajili Mkuu wa Hiari, Bwana Kinyemi, mtu mwembamba mwenye sauti ya kubembeleza. Nyuma yao alisimamishwa Tambwe, wakala wa mtaa, amenenepa kwa mashati.

"Ndugu wafalme," alianza Waziri. "Ndiyo, nyinyi ni wafalme. Zamani mlikuwa watumwa wa waya mmoja. Leo waya ni ule ule, lakini mnautazama kwa macho mapya. Nani awezaye kuniambia umeme wa jana na umeme wa leo ni kitu kimoja? Wa jana ulikuja tu. Wa leo unakuja kwa sababu umeitwa. Na usipokuja, hauji kwa sababu mmechagua vibaya, na hiyo, ndugu zangu, ndiyo heshima ya binadamu."

Walipiga makofi kwa mkono mmoja mmoja, wakijipiga mapajani.

"Napenda sasa," alisema Waziri, "tunyamaze dakika moja, tukumbuke enzi ambazo hatukuwa na la kuchagua."

Ukumbi ukanyamaza. Na katika kimya kile, kutoka ndani ya mashati arobaini na matatu, ikasikika sauti ndogo. Pii.

Tambwe alikohoa. Pii, likajibu lingine. Halafu kutoka viti vya mbele, kwa Bi Kidawa, likaitikia la tatu, na kutoka nyuma la nne, mpaka ukumbi mzima ukawa unalia kwa vifua vya watu. Ilikuwa siku ya ishirini. Vifaranga walikuwa wameanza kusemezana ndani ya maganda, kama ilivyo desturi yao siku moja kabla ya kutoka. Bi Siwatu alizisikia sauti zile, akahesabu siku kwa vidole, na kwa mara ya kwanza tangu taa zizimike akatabasamu.

Waziri alivua kofia moja. "Ni nini hicho?"

Tambwe akaeleza, maana hakuwa na pa kujificha. Alieleza vizuri, kama kampuni ya arobaini na nne. Msajili Mkuu alisikiliza mpaka mwisho, akiandika. Kisha akasimama.

"Nimeelewa," alisema kwa upole. "Kuna nishati hapa. Kuna mtoaji wa nishati, ambaye ni kifua. Kuna mtumiaji, ambaye ni yai. Naomba kuuliza, yai hili lilipewa kampuni ngapi za kuchagua?"

Alifunua ukurasa mwingine wa daftari, akajijibu mwenyewe.

"Moja," alisema Msajili. "Kifua kimoja, bila mkataba, bila kusikiliza vingine. Akina mama, sisemi mmefanya kwa ubaya. Lakini hata Shirika la zamani halikufikia hapo."

"Bwana mkubwa," alisema Bi Siwatu, akasimama kwa shida. "Kesho wanatoka. Kesho tu. Wakiachwa leo bila joto watakufa."

"Wamekwambia wao?"

"Hawawezi kuniambia. Ni mayai."

"Basi unawasemea. Ndicho tunachokikataza." Msajili alishuka jukwaani, akamshika mkono kama mtoto anavyomshika mama yake. "Mama yangu, na wewe ulikaa siku tatu bila umeme. Umekufa?"

Bi Siwatu alitafuta jibu la kweli la swali hilo na hakuwa na uhakika.

Walinzi walipita na trei zilizotandikwa pamba safi. Walikuwa na adabu sana, waligeuza nyuso zao wakati wanawake wakifungua vibwebwe. Bi Kidawa alitoa yake moja moja, akilitaja kila moja kwa jina alilokuwa ameshampa kifaranga wake. Tambwe alivuliwa mashati, yote, akabaki na fulana iliyotoboka. Bi Siwatu alitoa yale ambayo mikono yake iliyakuta, akayaweka kwenye pamba, akafunga khanga.

"Arobaini?" aliuliza Msajili.

"Arobaini," walisema wanawake.

Akaandika arobaini. Akatangaza kwamba wateja hao watahifadhiwa katika Ofisi ya Mamlaka kwa siku tatu, katika hali isiyompendelea mtoaji yeyote, watafakari. Kisha wateja wa kawaida wakapanga foleni wakachagua kampuni. Bi Siwatu alipofika mezani aliulizwa anataka ipi kati ya arobaini na tatu. Alionyesha kwa kidole, hata hakuangalia. Fundi akaenda kwenye nguzo, akainua swichi moja, na Pakacha yote ikawaka kwa pamoja.

*

Ofisi ya Mamlaka haikukatiwa umeme kamwe, kwa kuwa yeye anayewapa wengine hiari hana haja nayo. Ilikuwa na kiyoyozi kikubwa, kinavuma mchana kutwa. Trei ziliwekwa juu ya kabati, chini ya kiyoyozi, na bango dogo likaegemezwa hapo, Wateja Wanatafakari, Usiwasumbue.

Bi Siwatu alikaa nje, chini ya dirisha, ameegemea ukuta. Hakuna aliyemfukuza. Hakukuwa na sheria ya kumfukuza mtu anayekaa.

Siku ya kwanza sauti zilikuwa nyingi, zinapokezana. Alizijua. Mtu aliyetotolesha vifaranga miaka kumi na moja anajua ipi inaita na ipi inalalamika. Asubuhi ya siku ya pili zilikuwa zimepungua, zikaita kwa nafasi, na mchana zikawa tatu, kisha mbili. Kila moja iliponyamaza, Bi Siwatu alingoja uchungu uje, na uchungu haukuja. Palikuja kitu kama pamba. Alifikiri, mimi mtu wa namna gani? Akaendelea kukaa.

Alasiri Bi Kidawa alileta uji.

"Umeme umerudi," alisema. "Sanduku lako linawaka. Nimeweka maji katika sahani."

"Wa kampuni gani?"

"Sijui. Wangu nilichagua wa bluu. Unawaka kama wa zamani." Akaketi kando yake. Kisha akainua kichwa. "Sikiliza. Moja bado linaita."

"Nalisikia tangu asubuhi," alisema Bi Siwatu.

"Liko karibu na dirisha hilo."

Walikaa wakilisikiliza. Lilikuwa jembamba lakini halikuwa na haraka, liliita, likapumzika, likaita. Bi Kidawa alifuta macho kwa ncha ya khanga, akaondoka akawaambie wenzake. Bi Siwatu hakulala wala hakuondoka. Alijiambia maadamu lile moja linaita yeye yupo, likinyamaza atasimama aende nyumbani, na sanduku atalipasua kuni. Alilisema hilo bila hasira.

Siku ya tatu lilikuwa bado linaita. Hata saa ile mlango ulipofunguliwa na Msajili Mkuu akatoka na mayai yote katika trei moja mikononi, na cheti juu yake, lilikuwa linaita.

"Hongera, mama," alisema Bwana Kinyemi. "Zoezi limekwenda kwa utulivu mkubwa. Kwa mujibu wa kifungu cha tisa, mteja anayekaa kimya kwa siku tatu ameridhika na huduma aliyo nayo."

"Huduma gani?"

"Hii iliyokuwapo ofisini. Ya baridi." Alimkabidhi trei. "Thelathini na tisa wameridhika. Mmoja hayumo. Tumeandika amehama mtoa huduma, ni haki yake."

Bi Siwatu aligusa yai la juu. Lilikuwa baridi kama kokoto la kisimani. Mengine yalikuwa yametoboka tundu dogo, na tunduni ncha ya mdomo. Akayatazama kwa alama, maana ndiyo kazi yake. Mistari miwili matano. Nukta matano. Duara matano. Miezi ilikuwa minne.

Pii, sauti ikaita.

Msajili alikuwa amekwisha geuka. Akasimama. "Nasikia mteja," alisema.

Bi Siwatu alilitazama dirisha. Sauti haikutoka dirishani. Akaitazama trei, na haikutoka humo. Akabaki ameduwaa, na polepole akaelewa, si kwa kuhisi, kwa kukumbuka tu. Ubavuni kushoto. Mkunjo wa khanga ya ndani. Lile dhaifu, ambalo Tambwe alimwomba amshikie. Siku ngapi limekuwa hapo? Lilitoboka saa ngapi, alikaa na uhai wa kiumbe mwilini siku nzima akiusikiliza ukuta?

Aliweka kiwiko chake juu ya mahali pale.

"Ni tumbo langu, bwana mkubwa," alisema. "Sijala tangu juzi."

"Oh, pole sana." Uso wa Msajili ulijaa huruma ya kweli. "Vumilia kidogo. Mwakani tunaleta hiari katika chakula."

*

Alishika njia ya Pakacha, trei kichwani, mkono mmoja ukiishikilia, mwingine ubavuni. Njiani alipita chini ya nguzo, chini ya waya ule mmoja, uliobeba kampuni arobaini na tatu bila kulegea. Mashati ya Tambwe yalikuwa yamepewa mtu mwingine, kijana mgeni, aliyekuwa anapiga hodi nyumba ya kwanza kwa mara ya tatu.

Karibu na nyumba ya Tambwe kifaranga alimdonoa.

Bi Siwatu alisimama. Akadonolewa tena, mahali pale pale chini ya ubavu, na akaumia. Ndipo damu ikaanza kurudi upande ule, ikimchoma tangu kwapani mpaka kiunoni, na pamoja nayo yakaja mengine yote yaliyokuwa yamekawia: yai la Bi Kidawa lenye mistari miwili na mdomo katika tundu, sauti zilizokuwa zikinyamaza moja moja, marehemu mumewe akiligonga lile sanduku misumari. Yalikuja kwa pamoja na yalikuwa mengi. Aliegemea nguzo, machozi yakamshuka mpaka kidevuni, na watu waliopita walimwona.

"Mama, unaumwa?" aliuliza yule kijana wa mashati.

Bi Siwatu alitikisa kichwa, akafuta uso, akaenda zake kupiga hodi kwa Tambwe. Hakumwambia yule kijana kwamba anaumwa. Angemuuliza maumivu hayo anauziwa na kampuni gani, na kama ameshazisikiliza zile nyingine arobaini na mbili.